Uzi: Tunaojiajiri kwa kamera, kalamu na kompyuta Mombasa, bei ipigeni kwa mwaka

KameraYaKusi

Assalaam alaykum na habari zenu wanabaraza.

Kila wiki hapakosi mtu wa kuuliza humu, "Video ya harusi Mombasa ni ngapi?" Na majibu ni yale yale. Mmoja atasema elfu kumi na tano, mwengine thelathini, wa tatu ana binamu yake atakayefanya kwa nane na sinia ya pilau. Mimi naona swali lenyewe limekaa kombo. Sisi tunaofanya kazi za ubunifu bila mwajiri, wapiga picha, wadizaina, wahariri wa video, wachoraji, hatuuzi siku moja ya kazi. Tunauza mwaka, tena mwaka wenye miezi iliyokufa.

Angalieni kalenda ya mji huu. Hoteli za Nyali, Bamburi, Shanzu na kule Diani huwa na kazi wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, kisha tena kidogo Julai na Agosti. Masika yakishika, Aprili mpaka Juni, nyengine hufunga milango kabisa na wafanyakazi wakapelekwa likizo wasiyoiomba. Mpigie meneja wa mauzo mwezi wa Mei umwambie una wazo la video, atakucheka kwa adabu. Hiyo ndiyo kalenda ya kwanza, nayo haisogei.

Ya pili ni ya harusi, na hii inatembea. Waswahili wengi hatuozi Ramadhani. Harusi hujazana Shaabani, kabla ya vunja jungu, halafu zikafumuka mfunguo mosi na mfunguo pili, ile miezi miwili inayofuata Ramadhani. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa ukutani kwa siku kama 11, Ramadhani kila mwaka hurudi nyuma. Mwaka 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili. Harusi zilikatika wakati ule ule hoteli zilipolala, tukakauka pande zote mbili. Mwaka 2026 mwezi unaandama Februari, basi harusi zinakatika hoteli zingali zimejaa, na Idi ikishapita watu wanaoza pale hoteli zinapoanza kufunga. Kwa anayekula pande zote mbili, hii ndiyo miaka ya neema.

Haitakaa hivyo. Ramadhani inaendelea kurudi mpaka Januari, kisha iingie Disemba. Disemba ya 2032 karibu yote itakuwa mfungo. Na Disemba ndipo shule zimefungwa, jamaa wa Uarabuni na Uingereza wamerudi na pesa zao. Anayenunua kamera kwa mkopo wa miaka mitano na alitazame hilo.

Sasa hesabu. Tuseme nyumba, chakula, ada ya watoto na nauli vinakula 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 720,000. Ongeza 150,000 ya vifaa, maana kamera huchakaa na diski hufa. Ongeza 30,000 ya afya na vitu vidogo vidogo. Imekuwa 900,000. Miezi yenye kazi ya maana, ukiwa na bahati, ni saba. Ukipata kazi nne za haki kila mwezi, hizo ni 28. Gawanya. Kila kazi ni 32,000 na ushei, na hapo kodi hujaigusa. Anayekwambia bei ya soko ni 15,000 anakutajia bei ya mtu anayelala kwa mamake, au ya mtu atakayeuza kamera ikifika Juni.

Arbuni ni nusu, na tarehe haishikwi bila arbuni. Hata fundi wa vitanda hagusi ubao kabla hujamwekea kitu mkononi, sijui sisi tuliona haya ya nini. Hoteli ni habari nyengine, hazitoi arbuni kwa urahisi na hulipa baada ya siku 60 au 90. Mimi siku hizi sigombani nazo. Pesa ya Disemba ikija Machi ndiyo inayonivusha masika, mradi niwe nilijua tangu mwanzo kwamba itachelewa.

Karibuni, nikosoeni.

Kisauni_Mhariri

Kaka, kalenda hiyo ni ya wenye kamera. Mimi nahariri video za watu wa nje, sijui masika wala kiangazi. Mteja wangu yuko Ujerumani, kwake ni saa moja au mbili nyuma yetu, akiamka nimeshamaliza. Nyaya za chini ya bahari zinaingilia hapa hapa Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata, basi hata wa Nairobi intaneti yao inapita kwetu kwanza. Ajabu ni kwamba ikifika Kisauni inakuwa imechoka.

Shida yangu mimi ni makato. Fiverr, ule mtandao ninakopatia kazi, inachukua 20% kabla sijaona kitu. Halafu unaitoa kupitia PayPal kwenda M-Pesa, na kubadilisha dola nako kuna kipande kinabaki njiani. Dola 100 za kazi hazifiki mkononi zikiwa 80.

KameraYaKusi

Kisauni_Mhariri, sikatai, lakini wewe nawe una masika yako. Wateja wa Ulaya wanafunga katikati ya Disemba mpaka wiki ya kwanza ya Januari, na Agosti nusu yao wako ufukweni, pengine ufukwe wetu huu huu. Tofauti ni kwamba miezi yako iliyokufa ndiyo miezi yangu iliyo hai.

Kisauni_Mhariri

Hapo umenipata. Na Mei 2024 nyaya mbili zilipokatika kule upande wa Afrika Kusini nilikaa na faili kubwa haipandi, mteja anauliza kulikoni. Tangu hapo nina laini za kampuni mbili tofauti, na bei ya laini ya pili nimemtia mteja bila yeye kujua.

BintiMvita

Wa alaykum salaam kaka KameraYaKusi. Umesema kweli, ila umesahau nusu ya harusi, ile ambayo nyinyi wanaume hamuingii.

Siku ya kupamba, mlangoni anakaa shangazi na kikapu. Kila anayeingia simu yake inaingia kikapuni, awe mke wa nani. Bibi harusi anatolewa nywele wazi, piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, mpaka kwenye viwiko, wanawake wamevua mabuibui, na kamera iliyoko ukumbini ni yangu peke yangu. Pale mteja hanunui picha nzuri. Ananunua hakika kwamba picha haitatoka nje.

Kwa hivyo mkataba wangu una mambo ambayo wenzangu wa bara huyashangaa. Nahariri mwenyewe, nyumbani, simpi mhariri wa kiume hata nikizidiwa na kazi. Diski naikabidhi kwa mama wa bibi harusi, mkono kwa mkono. Wakishafungua faili zote wakaona ziko sawa, nakala yangu naifuta mbele ya dada mmoja wa familia. Instagram hakuna hata picha ya kiatu. Na nisipotia picha mtandaoni sina tangazo, tangazo langu ni kina mama wenyewe, basi siwezi kumkosea hata mmoja. Yote hayo yana bei.

Mama mmoja wa Kibokoni aliniambia, "Mwanangu, kwani kamera yako ya dhahabu?" Nikamwambia, "La mama, mdomo wangu ndio una kufuli." Akacheka akatoa arbuni.

UmmSalma_Hina

Shoga umenena. Mimi natia hina na piko, nami ni hivyo hivyo, mwezi mmoja sipati pa kukaa, mwezi mwengine nazungumza na kuku. Ila nikuulize, kwenye kupamba wanakuweka mpaka saa ngapi? Maana wakikuchukua kwa gari lao hawakuachii.

BintiMvita

@UmmSalma_Hina saa sita za usiku mkataba umekwisha. Baada ya hapo kila saa ina bei yake, na usafiri wa kunirudisha nyumbani ni juu yao, si tuktuk ya kubahatisha. Nimeandika hivyo hivyo. Wewe kwenye piko jiwekee sharti la kujaribu kidogo kwenye mkono siku mbili kabla, ngozi ya mtu ikifura siku ya harusi utalaumiwa wewe.

Mchora_Leso

Wakubwa, mimi nachora leso, na mabango ya tuktuk kukiwa kukavu. Leso ina pindo, mji, yaani pale katikati, na jina, yale maneno, na watu wakidhani kazi yote ni lile jina. Wallahi pindo peke yake laweza kukumaliza wiki, maana likichapwa lisipokutana kwenye kona kazi yote imeharibika.

Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliniagiza mchoro, akanilipa mara moja, ukaenda kuchapwa India ukarudi kwa marobota. Misimu imepita na bado nauona madukani. Jina limebadilishwa, mji ni ule ule, hata kasoro ndogo niliyoiacha kwenye pambo moja la korosho iko. Je, mchoro si wangu?

Kisauni_Mhariri

Wako bila shaka. Aliyechora ndiye mwenye mali. Mdai.

HakiMtaani

Polepole hapo Kisauni_Mhariri, utamtia mwenzio gharama ya bure.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31. Hakimiliki huanza kwa aliyeitunga kazi. Lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwengine, inahesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, ila mkiwa mmekubaliana vyengine. Yaani hapa kwetu ukinyamaza umeuza. Wengi humu mnasoma blogu za nchi nyengine ambako mambo ni kinyume, mkadhani ndivyo na hapa.

Mchora_Leso, nenda mbele na moja katika mbili. Ama uchore kwa hiari yako, mchoro ukamilike, ndipo uutembeze madukani. Huo haukuagizwa na mtu, unauza ruhusa ya kuuchapa na mali inabaki kwako. Ama ukiagizwa, sema kabla hujashika kalamu: mchoro huu unaruhusiwa kwenye leso tu, kwa miaka miwili, na matumizi mengine yatalipiwa upya. Pia kuna haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye mtunzi na ya kupinga kazi yako ikiharibiwa. Hiyo inabaki kwako hata hakimiliki ikishahama. Kazi unayobaki nayo unaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na cheti chake kinasaidia sana mkibishana.

Mchora_Leso

Niliagizwa. Basi imeliwa.

Tatizo sheikh, hawa wa leso hawataki karatasi. Ukimtolea mkataba ataona umemshuku, na babake alikuwa rafiki wa babangu.

HakiMtaani

Usimtolee karatasi. Mtumie ujumbe wa WhatsApp wenye heshima zote, "Ami, kama tulivyozungumza, mchoro ni wa leso, kwa misimu kadha, pesa ni kadha." Akijibu "sawa mwanangu" umepata unachotaka. Haufiki mkataba wa wakili lakini unalishinda neno la mdomo kwa mbali.

ChapaChapa_Majengo

Mmesahau msimu wa tatu. Uchaguzi ni Agosti 2027 na tayari wameanza kuulizia bei za mabango na fulana. Sisi wadizaina tunaipenda miezi ile na ndiyo inayotufilisi. Mgombea akishinda hapokei simu, akishindwa hana pesa. Mimi nachukua pesa yote mbele, na sifanyi hesabu na kijana wa kampeni, kwa sababu kijana akigombana na bosi wake kazi inakuwa haikuagizwa na mtu.

Wenye droni nanyi. Msikubali "mheshimiwa atazungumza nao." Kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ni chako wewe unayeirusha, mheshimiwa hatakuwepo ukikamatwa. Na pale Mtongwe kuna kambi ya wanamaji na ng'ambo yake bandari, hata useme ulikuwa unapiga machweo ya jua hakuna atakayekusikiliza.

Kijana_Likoni

Shikamooni wakubwa. Nina 70,000 nilizoweka, nataka kuanza picha. Ninunue kamera ipi?

KameraYaKusi

Marahaba kijana. Kwanza usinunue. Kodisha kwa siku, fanya kazi kadhaa ukiwa msaidizi wa mtu, ujue kama mgongo wako unaweza kusimama saa kumi.

Ukinunua ya mkono wa pili, chukua tochi, fungua lenzi, mulika kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyeupe nyembamba zimetambaa ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, irudishe kwa salamu. Unyevu wa hapa kwetu unaila lenzi polepole, hasa miezi ya mvua ambapo kamera imelala kabatini haina kazi. Weka vifaa kwenye boksi la plastiki linalofunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya silika, na uvikaushe kila mara. Wanaokwambia uweke mchele, waache wapike. Mchele una unga, na unga ukiingia kwenye gurudumu la lenzi utasikia unakwaruza.

La pili, ukumbi wa AC. Ukitoka na kamera kwenda bustanini kioo kinatoa jasho papo hapo, na bwana harusi ndiyo anaingia. Iache kamera ndani ya mfuko umefungwa, itoke nje mapema, ipate joto kama robo saa. Na wewe wa Likoni kuna la tatu: vuka mapema. Kazi ikiwa kisiwani saa kumi, saa saba uwe ng'ambo hii. Foleni ya feri haijui bibi harusi.

Watu wa kuanza nao si lazima uwatafute mbali. Pita Swahilipot, kile kituo cha vijana karibu na Ngome ya Yesu, utakuta vijana wa fani zote. Ila ukitaka kupiga picha za biashara ndani ya ngome yenyewe, hiyo ni mali ya Makumbusho ya Taifa, omba ruhusa kwanza.

Kijana_Likoni

Shukran sana. Na nikipiga picha za watu mtaani nikazitia kwenye ukurasa wangu nijitangaze?

BintiMvita

Mdogo wangu, omba idhini, tena iwe imeandikwa. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na si mapambo. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja zaidi ya milioni nne kwa kutundika picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ikatozwa zaidi ya milioni moja na nusu kwa picha ya mteja. Wewe na elfu sabini zako utatoa wapi?

Bamburi_Dizaina

Nauliza na mimi. Hoteli imenilipa kazi ya menyu na vipeperushi, ankara ilikuwa 40,000, imeingia 38,000. Nimeibiwa?

KameraYaKusi

Hujaibiwa dada. Wamekata 5%, kodi ya zuio, na hiyo elfu mbili inatakiwa iingie KRA, mamlaka ya kodi, kwa PIN yako. Fungua iTax, tovuti yao, uangalie kama cheti kimetoka. Kisipotoka wasumbue wahasibu wao mpaka kitoke, maana ukijaza ritani kabla ya 30 Juni unaihesabu kuwa umeshalipa. Wengi humu huiacha pesa hiyo kwa KRA, wakalipa kodi mara mbili kwa pesa moja. Na uwe na eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu 2024 kampuni zinataka ankara ya huko, kwa sababu bila hiyo matumizi yao hayakubaliwi kwenye hesabu zao za kodi. Ndiyo maana usipokuwa nayo hoteli inampa kazi mwengine bila kukwambia sababu.

Na katika zile 30,000 za afya nilizotaja pale juu, SHA, bima ya afya ya serikali, imo. Asiyeajiriwa anatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo. Ukisubiri ugonjwa wa Mei ndipo utafute pesa, Mei hiyo hiyo ndiyo huna. Lipa Januari, mkononi ukiwa na kitu.

Kisauni_Mhariri

Ama kweli huu uzi umekuwa chuo. Kaka, hesabu yako ya 28 mimi naiona ya ukarimu. Mtu wa kuanza hapati kazi nne kwa mwezi za 32,000.

KameraYaKusi

Hapati, kweli. Mwaka wa kwanza wengi wana kitu chengine pembeni, kufundisha, duka la mzee, chochote. Sisemi ataje 32,000 kesho. Nasema ajue kwamba chini ya hapo kuna mtu anamlipia tofauti, awe mama yake, mke wake, au kamera yenyewe inayokufa bila akiba ya kuibadilisha. Akishajua, atapandisha kila msimu, hatangoja aambiwe na mteja kwamba sasa umekuwa mzuri.

Bamburi_Dizaina

Shukran kwa hilo la 5%. Sasa ya pili ni nzito. Kuna mwengine, mwenye nyumba za wageni, nilimfanyia nembo na tovuti, 85,000. Alitoa arbuni 20,000 na anatumia nembo mpaka kwenye taulo. Kila nikipiga "kesho inshallah". Nimechoka na inshallah yake. Wakili ananiambia ada yake ni karibu deni lenyewe.

HakiMtaani

Huhitaji wakili. Mahakama ya Madai Madogo ipo hapa Mombasa, inasikiliza madai yasiyozidi milioni moja, unajisimamia mwenyewe, na sheria yake ya 2016 inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Haibanwi sana na kanuni za ushahidi, kwa hivyo usidharau ulichonacho. Chapisha mazungumzo yote ya WhatsApp tangu alipokubali bei, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha ile 20,000 imetoka kwake, ankara, na picha za taulo. Hasa taulo. Atasema kazi haikumridhisha, na wewe utauliza mbona ameichapa.

Kabla ya hapo mpelekee barua ya madai, mpe siku 14, useme wazi ni 65,000 na ni ya nini. Peleka kwa mkono na uchukue saini ya aliyeipokea, na utume nakala kwa WhatsApp. Wengi hulipa kwenye barua.

Bamburi_Dizaina

Naiandika usiku huu. Jumatatu naipeleka mwenyewe, nitawaambia alisemaje.